Siku Niliyofundisha Kusikiliza

Jamani, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye yule mwalimu aliyelala fofofo akifundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kumsikiliza mgonjwa.

Pale chuoni Korogwe somo langu la fasihi na utu lilikuwa mashakani, maana mkuu wa chuo alishasema daktari hahitaji hadithi, anahitaji dawa, na siku hiyo akaja kukaa nyuma ya darasa ili aamue lifutwe au libaki. Nami kwa kiherehere changu nikamwalika Bibi Zaina wa Mashewa, atusimulie jinsi marehemu mumewe alivyougua. Nikawaonya vijana: "Mtu mzima hakatizwi! Na mkitaka kusikia vizuri, fumbeni macho." Nikafumba ya kwangu wauone mfano. Hapo ndipo nilipojiponza.

Nilimwomba aanze mwanzo kabisa, naye, Msambaa wa watu, akaanza na salamu, akauliza hali za wazazi wetu wote, akapitia mahari yake, akaingia shamba la maharage (na mimi nilikuwa nimeshindilia makande sahani mbili, saa nane ile, joto la Korogwe mnalijua)... usingizi ukanipitia.

Wanafunzi walichungulia wakaniona, wakaniacha nilale. Nani amkatize mtu mzima? Nilipoanza kukoroma, binti mmoja wa mbele akanishika mkono kunipima mapigo ya moyo, nikakurupuka.

"Mwalimu," mkuu akaita kutoka nyuma, "mume wa bibi aliumwa nini?"

Mama yangu! Nikakumbuka bibi aliingia akichechemea. "Mguu," nikajibu, tena kwa kujiamini.

Darasa likaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Na yule daktari alisema hivyohivyo," akasema taratibu. "Mzee analia kifua, yeye anaandika mguu, kisa kamwona na mkongojo. Tukamzika."

Kicheko kikakatika. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Nikainama mbele yake, nikasema shikamoo na samahani kwa mpigo.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia. "Kalale."

Somo halikufutwa. Mkuu alisema sasa kaamini linahitajika, ila halinihitaji mimi. Siku hizi anafundisha Bibi Zaina, mimi nakaa benchi la mbele na wanafunzi, macho kodo, na nimeapa sitamfundisha tena mtu kusikiliza mpaka bibi mwenyewe aseme nimefaulu. Muhula wa pili huu, hajasema.