Kura ya Mtani Wangu

Ulimi wangu umeniponza mara nyingi, lakini safari hii aliyeumia hakuwa mimi.

Ulikuwa ule uchaguzi wa kwanza kabla ya uhuru, kila mpiga kura akitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Kura zilipokwisha, akaja Bagamoyo bwana mmoja wa Kizungu, msomi, akitaka kujua nani kamchagua nani na kwa nini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, hati yangu nzuri, akaniajiri kuuliza watu. Aliniapisha nisitoe siri. Karatasi nilizojaza alizifungia katika sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni.

Katika kijiji cha Mlingotini wapiga kura walikuwa wachache, maana kura haikuwa ya kila mtu. Ilitaka kipato, elimu au cheo. Mmoja wao alikuwa fundi seremala, Mzaramo. Babu yangu alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyetua mzigo Bagamoyo asirudi kwao, kwa hiyo mimi na fundi tulikuwa watani. Kumwuliza mtani swali la maana ni kujitakia.

"Ile ya Mwafrika umempa nani?" nikamwuliza.

"Nimempa yule anayetaka Mzungu asiondoke," akasema bila kucheka. "Akiondoka, nani atawafunga nyie Wanyamwezi wezi wa kuku?"

Nilicheka hadi kalamu ikanidondoka. Kisha akaniambia la kweli: alimchagua mtu wa uhuru, kama wenzake wote. Hilo ndilo nililoandika.

Jioni niliporudi mjini, barazani kwa muuza kahawa, nikausimulia ule utani. Nilitaka watu wacheke, na wengine walicheka. Wengine wakanyamaza. Kufika Ijumaa maneno yalikuwa yameshafika Mlingotini, utani umebaki njiani: fundi kawauza Waafrika wenzake. Wateja wakamkimbia. Msikitini salamu yake ikawa inaitikiwa chini chini, watu wakitazama mkeka.

Nilijaribu mara moja kusema kwamba alikuwa akitania. Mzee mmoja akanijibu, "Utani na kura wapi na wapi, mwalimu? Au nawe Mzungu kakupa chochote?" Nikaufyata. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa wasije wakanigeukia mimi.

Mke wa fundi akafariki kabla ya masika. Kijiji kile humzika hata mgeni asiyejulikana jina, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa na shughuli zake. Mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi fundi alizikata mwenyewe, kama alivyowakatia wafiwa wengine miaka yote bila ujira. Makaburini tulikwenda watu watano: yeye, wanawe wawili, mwalimu wa madrasa na mimi. Jeneza ambalo kwa desturi hugombewa na mabega ya watu, sisi tulilitua njiani mara mbili tupumzike. Nilimwonea haya hata yule maiti.

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Hushuka kaburini akagoma kutoka, humkashifu marehemu, akawasumbua wafiwa mpaka wacheke kidogo. Mimi nilishika jembe langu, nikavuta udongo kama wengine. Tulipomaliza kufukia, fundi akapangusa udongo mikononi, akanitazama.

"Vipi, mtani," akasema, "leo huna maneno?"