Nyumba Niliyoiandika Jiko

Nina ugonjwa wa kuandika upya. Ujumbe wa simu wa mistari miwili naweza kuuandika mara tano kabla sijautuma, na nikishautuma nausoma tena nikitafuta kosa. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye duka la steshenari la Moshi mjini ninakofanya kazi, kwa kujifanya najua mbele ya wateja na kuhangaika wakishaondoka. Labda ndiyo sababu. Aliyefundishwa darasani akikosea ana mwalimu wa kumsingizia. Mimi sina.

Kwa hiyo Jumapili moja, kanisani kwetu Machame, matangazo yaliposomwa baada ya ibada, mimi ndiye niliyetoa daftari. Ofisi ya kijiji iliwataka wazee waliofikia umri wa kusamehewa kodi ya jengo wapeleke fomu, waorodheshe majengo yote ya nyumbani, ili makato yaondolewe kwenye mita zao. Bibi hakuwahi kuielewa kodi hiyo tangu ianze kukatwa mtu anaponunua umeme. Kila tulipomwekea LUKU alisema huyo muuza umeme ana tabia ya kuonja kabla ya kupakua.

Niliichukua fomu kwa udadisi kuliko kwa msaada. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kihamba chetu, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa ambamo tumezaliwa wote, kinaweza kuingia kwenye safu nne: jengo, matumizi, mmiliki, anayeishi humo. Nikazunguka na tepu ya kupimia. Nyumba ya Bibi, ambayo ndiyo yenye mita. Banda la ng'ombe. Na nyumba ya Shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Aliolewa Kirua Vunjo, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani kabla mimi sijazaliwa. Alijenga vyumba viwili kwa maziwa ya ng'ombe wake, bloku chache chache, na umeme anauvuta kwa Bibi kwa waya uliopita juu ya migomba. Nilipofika kwenye safu ya mmiliki nilikwama. Kwetu ardhi ni ya wanaume wa ukoo, na Baba Mkubwa, kaka yao mkubwa anayeishi Arusha, ndiye msemaji. Kuhusu nyumba ya Shangazi sikuwahi kumsikia mtu akisema ni ya nani. Tulisema tu "kule kwa Shangazi".

Halafu nikasoma maelezo ya chini, yale ya herufi ndogo ambayo mimi huyasoma siku zote. Msamaha ni wa nyumba moja anayoishi mzee. Nyumba ya pili inalipiwa. Jiko la nje halihesabiwi.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilihisi kama nimepata jibu la hesabu ambalo wengine hawakuliona. Shangazi humpikia Bibi kila siku, na humpikia kwake. Nikajiambia si uongo. Fomu tatu niliziharibu kwa sababu ya mwandiko, ya nne ikatoka safi: nyumba moja, banda moja, jiko moja. Ikapita.

Baba Mkubwa alipokuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake, alitaka kuiona nakala. Tulikuwa uani, watu wameshakula. Akavaa miwani akasoma kwa sauti, akanisifu.

"Huyu ndiye kichwa cha ukoo huu. Hakuna makato tena!"

Shangazi alikuwa anakusanya sahani. "Jiko lipi hilo?" akauliza. "Jiko letu lilianguka na mvua za masika."

Baba Mkubwa akacheka. "Si kule kwako, dada. Mtoto ametumia akili."

"Kwa hiyo mimi nalala jikoni."

"Ni karatasi tu."

"Na cheti cha kipaimara si karatasi tu? Mbona umevaa suti?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alizipeleka sahani, akaingia kwake, akafunga mlango. Mimi nilikaa pale na nakala yangu safi mkononi, nikitamani ingekuwa na doa mahali fulani ili niseme ni doa ndilo lililomuudhi.

Asubuhi yake nilikata jani la sale, mmea tunaoupanda kuwa ua wa mipaka, nikalifunga fundo, nikampelekea. Ndivyo tunavyoombana radhi huku, na mwenye kuletewa hatakiwi kukataa. Nilimkuta anakamua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umelikata wapi? Mpakani?"

"Ndiyo."

"Umeacha tundu mbuzi wa jirani wapite. Liweke hapo. Nimekusamehe, lakini mimi silali ndani ya jani. Niletee fomu."

"Ukiandikiwa nyumba utakatwa kila mwezi, Shangazi. Na utatakiwa kuweka mita yako."

"Si wanamkata mwenye nyumba?"

Nikamweleza, maana siwezi kuacha jambo nusu, kwamba hata mimi mpangaji wa chumba kimoja mjini mita ya nyumba inanikata, na kwamba kulipa kodi si sawa na kuwa na hati. Aliendelea kukamua mpaka nikamaliza.

"Mimi sijaomba hati," akasema. "Nimesema isiwe jiko. Nikifa Bibi yako akiwa hayupo, atakuja mtu na karatasi yako safi aseme hapa palikuwa na jiko, livunjwe. Nani atabisha? Wewe ndiye uliyeandika."

Hilo sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimesoma herufi ndogo zote nikalikosa hilo.

Mtendaji wa kijiji alinisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Ngoja. Wewe umekuja kuomba mtu atozwe kodi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiari yake?"

"Ndiyo, mzee."

"Binti, kaa kwanza. Umekunywa chai?"

Alipomaliza kucheka akauliza mmiliki ni nani, nikamtaja Shangazi. Akatikisa kichwa. Kihamba ni cha ukoo, akasema, aje Baba Mkubwa. Nikamgeuzia fomu nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapa pameandikwa mmiliki wa jengo. Shamba halijaulizwa popote. Nimesoma mbele na nyuma."

Naye akasoma mbele na nyuma. Mwisho akasema basi mwombaji wa ile fomu ya kwanza, yaani Bibi, aweke dole gumba kwamba anakubali marekebisho.

Bibi aliniomba nimsomee. Nilipofika kwenye jina la Shangazi alishangaa. "Kuna mtu alikuwa hajui?" Akabonyeza wino, akaomba kitambaa cha kufutia kidole.

Mita ya Shangazi ilifungwa wiki kadhaa baadaye. Mara ya kwanza kununua umeme alinipa simu nimsomee ujumbe wote, pamoja na mstari wa kodi ya jengo, kisha akanitaka niurudie huo mstari. Tulikuwa bado tumesimama chini ya mita hiyo simu yangu ilipoita. Baba Mkubwa. Alikuwa ameshasikia.

"Hiyo kodi analipa nani?"

"Mwenyewe, baba."

"Mwenyewe nani?"

Nikamsomea kutoka kwenye nakala ya fomu mpya, niliyokuwa nayo mkobani, majina matatu ya Shangazi, taratibu, kama yalivyoandikwa.

"Umeandika kwa penseli au kwa peni?"

"Kwa peni, baba."

"Haya," akasema. "Desemba nitakuja tuongee." Akakata.

Shangazi alikuwa ananitazama. "Amesemaje?"

"Amesema atakuja Desemba muongee."

"Aje," akasema, akausukuma mlango ukafunguka. "Atakaa hapa ndani, nimpe chai."