Bembea ya Kivinje

Wageni wanaokuja Kilwa Kivinje kupunga upepo huniuliza mambo yale yale. Wanataka kujua boma la Mjerumani lilijengwa na nani, milango ya maduka ya Wahindi ilichongwa wapi, na kwa nini bahari ikitoka hapa hutoka mbali hivi. Hayo nawajibu, maana mimi ni kizee na sina kazi nyingi. Mwaka huu mama mmoja aliyekuja na wajukuu wake aliniuliza jingine. Alisema kila mji wa pwani aliopita wakati wa Sikukuu ameona bembea, ila hapa kwetu, penye ufuko mzuri na kivuli cha mivinje, hajaona hata moja. Akauliza kwa mzaha kama sisi hatupendi watoto. Nilimjibu vibaya nikaondoka zangu. Hakuwa na kosa, na sasa naandika jibu alilostahili kupewa.

Bembea tulikuwa nayo. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia kwisha, mafundi wawili wa mji walichimbia nguzo mbili pale pale chini ya mivinje, wakalaza boriti juu yake, wakaning'iniza kamba mbili. Kila kamba ilikuwa na kitanzi mwishoni. Kiti hakikuwepo. Mtoto alikuja na mchi wa kwao, akaupitisha kwenye vile vitanzi viwili, akaukalia. Ndivyo bembea ya Kivinje ilivyokuwa, na sijaona mji mwingine wanakofanya hivyo.

Kazi ya baba ilikuwa chokaa. Alichoma matumbawe kwenye tanuu nyuma ya nyumba yetu, na kabla ya Idi aliipaka bembea bila kuambiwa na mtu, ili watoto wasichafue nguo mpya kwa magome. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa chokaa, nasi tulimtania kwamba hata akifa ataendelea kuwa mweupe.

Mjerumani naye aliupenda ufuko wetu. Daktari wao alisema upepo wa hapa unawafaa wenye homa, basi mabwana waliokuwa bara wakawa wanakuja kupumzika. Waliweka mabenchi chini ya mivinje. Maji yakijaa waliogelea wamevaa nguo za milia, nasi watoto tulijificha nyuma ya mitumbwi tukicheka mpaka mbavu zikatuuma. Walitaka kila kitu kiwe cheupe: mabenchi, ukuta wa boma, hata mashina ya miti mpaka usawa wa kifua. Baba alipata kazi tele, na nakiri kwamba mji ulipendeza.

Kila Sikukuu mjomba wangu, kaka yake mama, aliteremka kutoka milima ya Umatumbi na kibuyu cha asali. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu, tena mcheshi. Alinisukuma kwenye bembea hata akachoka, kisha alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akasema, "Shuka mwanangu, sasa zamu yangu." Jitu zima lile kwenye mchi wa mama! Ufuko mzima uliangua kicheko. Mimi nilicheka kila mwaka kana kwamba nasikia mara ya kwanza.

Mwaka wa vita vya Maji Maji mjomba hakuja na asali. Aliletwa na askari, amefungwa mnyororo shingoni pamoja na wenzake, akatiwa ndani ya boma. Walisema alikutwa na kichupa cha dawa, ile dawa ya maji iliyosemwa inageuza risasi. Mama alipeleka chakula kila siku, na kila siku kilipokelewa mlangoni bila yeye kumwona ndugu yake. Kisha zikaja habari mjini kwamba bwana mkubwa wa boma atawaachia baadhi ya wafungwa kwa heshima ya Idi. Nani alizileta, sijui mpaka leo. Mama alizishika kwa mikono miwili. Alimshonea kaka yake kanzu, akaiweka juu ya sanduku, na katika nyumba yetu hakukuwa na mazungumzo mengine.

Kwa ajili ya vita, mafundi hawakuthubutu kusimamisha bembea mwaka ule. Lakini siku ya ishirini na nane ya Ramadhani askari waliwaita wale wale mafundi wawili, wakawaamuru wachimbie nguzo mbili pale pale na kulaza boriti juu. Hawakuwaambia ni za nini, na mafundi hawakuuliza. Nani angeuliza? Mji mzima uliona bembea. Watu walifurahi. Walisema Mjerumani ametaka kutupoza roho ili tusiwafuate wa milimani. Baba alisema kama serikali imekumbuka bembea, basi imekumbuka na Sikukuu, na wafungwa watatoka.

Akaenda na ndoo yake. Hakuna aliyemtuma. Kwa kawaida bembea aliipaka mkono mmoja, lakini ile aliipaka mara tatu, amefunga, jua kali. Akida aliyemsimamia Mjerumani mji wetu alipita akasimama. Baba alimwamkia, akamwomba kwa adabu amsemee shemeji yake kwa bwana mkubwa. Akida alizitazama zile nguzo, akamtazama baba. Alijua. Mtu yule alijua, tena alikuwa mtu wetu, tukiswali naye msikiti mmoja. Alisema tu, "Paka, ipendeze," akaendelea na safari yake.

Kesho yake alasiri zilikuja kamba, mpya, nene, za melini. Zilipitishwa juu ya boriti, ncha zikafungwa kwenye nguzo, na vitanzi viwili vikashuka mpaka nilipoweza kuvifikia. Nilikimbia nyumbani nikachukua mchi. Mama alikuwa anachambua mchele, akacheka, akaniambia niwaachie na wengine.

Nilikuwa wa kwanza. Niliupitisha mchi kwenye vitanzi, vikajikaza vyenyewe, vizuri kuliko vya kamba zetu za makumbi, nikakaa. Askari wawili walikuwa kwenye benchi wakitutazama. Nao walikuwa wamefunga, nao walikuwa na watoto bila shaka. Hawakutukataza. Nimeishi miaka mingi, nimezika mume na watoto wawili, lakini jambo hili bado linanishtua kuliko mengi: watu wazima walikaa wakatuacha tucheze.

Tulipokezana mpaka zamu yangu ikarudi. Ndipo lango la boma likafunguliwa. Walitoka Wajerumani watatu, askari wengi, na katikati yao wafungwa wawili, mmoja wao mjomba. Watu walikimbilia ufukoni wakijua wanakuja kuachiwa hadharani. Mama alitoka na kanzu mkononi. Baba aliacha ndoo yake, akasimama akitabasamu, chokaa imemjaa ndevuni.

Wenzangu walitawanyika kwa kuwaogopa askari. Mimi nilibaki juu ya mchi, kwa kuwa nilimwona mjomba. Alikuwa amekonda, amefungwa mikono nyuma. Aliitazama boriti, akazitazama nguzo nyeupe, akamtazama baba. Naamini alielewa papo hapo kila kitu tulichofanya na kwa nini tulikifanya. Kisha akanisogelea mpaka mnyororo ukamzuia, akainama kidogo.

"Shuka mwanangu," akasema, "sasa zamu yangu."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama kila mwaka, nikashuka, nikauchomoa mchi kwenye vitanzi kwa mikono yangu, nikasogea pembeni kumpisha. Nilikuwa bado nacheka askari walipozivuta kamba juu, wakaburuta sanduku na kuliweka chini yake, na nilipogeuka kumtafuta mama aone mchezo, nilimwona amekaa chini mchangani, kanzu kaifumbata mdomoni, ananitazama mimi.

Baba hakuwasha tena tanuu. Mafundi wale hawakuchimbia tena nguzo, na waliokuja baada yao hawakuhitaji kuambiwa. Mchi mama hakuutupa, ila hakuutwangia tena. Uliegemea ukuta wa jikoni mpaka ukaliwa na mchwa. Hakunigombeza hata siku moja. Lakini alikaa nami miaka kumi na minane mingine kabla hajafariki, na muda wote huo nilipocheka ndani ya nyumba, alinyanyuka akatoka nje.