Leso Yangu Mlingotini

Wenzangu wa kanisani Kings Heath wameshasikia nusu ya habari hii kutoka kwa mjukuu wangu Mwikali, na nusu hiyo ndiyo iliyowachekesha mpaka mchungaji akanyamaza kuwangoja, kwa hivyo acheni niieleze yote mwenyewe, maana aibu ni yangu na sitaki mtu aipunguze wala aiongeze.

Mwikali ni binti ya Kalondu wangu, amezaliwa hapa hapa Birmingham, na amejiunga na klabu ya kulenga shabaha (msiniulize msichana anatafuta nini kwenye bunduki, nilishauliza, akasema inamtuliza akili). Siku moja tukiwa jikoni kwetu Stechford akaniambia klabu yao inakwenda milima ya Wales Jumamosi na Jumapili, watu watafundishwa kupiga shabaha na historia ya bunduki za zamani, wageni wanakaribishwa, na kati ya bunduki hizo kuna aina ile waliyobeba askari wa KEYA, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, kwenye vita vya Burma. Nikaweka mwiko chini.

"Nami naenda," nikasema.

"Susu, huko ni baridi sana," akasema (sisi Wakamba nyanya tunamwita susu). "Na watu wanalala kwenye matope."

"Hiyo ndiyo sababu naenda."

Baba yangu, Mutua, alikuwa KEYA. Alikwenda Burma akarudi, na habari za huko hakuzisema. Nikiwa mdogo nilimwuliza vitani walikuwa wakilala vipi, akasema, "Kwa tumbo, mvuani," akachukua jembe lake akatoka. Basi. Hayo tu ndiyo niliyopata kwake mpaka tukamzika. Kwa hivyo mimi nilitaka kitu kimoja: nilale kwa tumbo mvuani, niwe na bunduki kama yake, nipige hata risasi moja, nijue. Kalondu, ambaye ni nesi, alisema magoti yangu hayatakubali, nikamwambia magoti ni yangu, sijayaazima kwa mtu.

Jumamosi yote tulisoma ndani ya banda la bati huku upepo ukilitikisa kama mtu anayedai kufunguliwa. Mwalimu wetu Graham, mzee mrefu asiyecheka ovyo (ananiita Ruth tu, kavu, kama tulichunga mbuzi pamoja), alitandika blanketi mezani akazipanga bunduki, akatueleza kila moja ilibebwa na nani. Ile ya KEYA akanipa niishike. Nzito, jamani! Nikauliza ni lini nitaipiga. Akasema kesho alasiri, mwisho wa mafunzo, kila mtu atapata zamu, hali ya hewa ikiruhusu.

Akatueleza pia habari ya bendera. Mbele ya banda kuna mlingoti, na bendera nyekundu ikiwa juu maana yake risasi zinapita, na wale walioshuka kwenye handaki chini ya shabaha wasitoe hata pua mpaka ishushwe. Nilisikia na nilielewa, sitawadanganya kwamba nilikuwa nimesinzia.

Jumapili asubuhi tukaamkia mvua ya barafu inayokuja kwa ubavu. Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya Mwikali, makoti mawili, na juu yake nimejifunga leso yangu nyekundu, kwa sababu sijawahi kutoka nyumbani bila leso na sikuona kwa nini nianzie Wales. Ikalowa mpaka ikawa nzito kama mtoto. Wenzetu walipiga bunduki ndogo za kujifunzia, na kule handakini walikuwa Graham mwenyewe, Mwikali, Colin, Trevor na Anita, wakihesabu matundu na kubandika viraka kwenye karatasi za shabaha.

Mvua ikakatika. Patricia, msaidizi wa Graham, akatangaza tumemaliza ya asubuhi, akafungia bunduki, akashusha bendera, akaingia ndani kupasha supu. Nikabaki nje na leso yangu ikichuruzika. Ukutani hakuna kamba ya nguo. Kwenye ua kuna mavi ya kondoo. Halafu nikauona mlingoti umesimama mtupu, una kamba yake, na kule juu upepo ambao ungekausha hata godoro. Nikaifunga leso kwa fundo langu la kiunoni, lile lisilofunguka hata nikicheza ngoma, nikavuta kamba mpaka leso ikafika juu kabisa. Ikapepea vizuri! Nikaingia ndani kula.

Najua mnachotaka kuuliza. Ruth, hukuona ni nyekundu? Niliiona. Lakini bendera ni bendera na leso ni leso. Leso ina maua ya korosho pembeni, na ina maneno katikati (ya kumsema jirani, sitayarudia hapa). Katika maisha yangu yote sijawahi kuona mtu akiisimamia leso na kuipigia saluti.

Kule handakini walikuwa wameinama bado wanabandika viraka, hawakuona bendera ikishushwa. Walipoinua macho wakaona nyekundu juu, wakakaa. Redio ya mkononi ya Graham ilikuwa imeingia maji, haisemi. Mwikali akamwambia, "Hiyo si bendera, ni nguo ya nyanya yangu. Naona maua." Graham akamjibu, "Nyekundu ni nyekundu. Tunakaa." Mvua ya barafu ikarudi ikiwa na hasira mpya, nao wamechuchumaa ndani ya maji, na mimi nimekaa karibu na jiko nagawa chapati nilizobeba kutoka Stechford, na ni mimi, Mungu anisamehe, niliyesema, "Patricia, tusiwangoje, supu itapoa."

Hatimaye Patricia akachungulia dirishani. "Nani amepandisha bendera?"

"Si bendera, mama. Ni leso yangu, imekaribia kukauka."

Sijawahi kuona mtu akiacha kijiko hewani vile.

Tukatoka mbio. Akavuta kamba, leso haiji. Nikavuta mimi, haiji. Fundo langu lilikuwa limeingia kwenye kigurudumu cha juu likakwama. Nikaita "Mwikali! Tokeni!" upepo ukala sauti yote. Patricia akasema hawezi kwenda kule kwa miguu wakati nyekundu iko juu, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyefungia bunduki, sheria ni sheria. Nikaona hawa watu watagandia kule kwa ajili yangu. Nikaingia ndani, nikachukua kisu cha mkate, nikakata kamba.

Leso ikaanguka na kamba yote ikaja nayo, imejikunja miguuni mwetu kama nyoka aliyechoka.

Wakatoka handakini wamefuatana, wamelowa, midomo ya buluu. Mwikali alinipita bila kunitazama. Hilo liliniuma kuliko lolote. Graham akatazama mlingoti, akatazama kamba, akatazama kisu mkononi mwangu.

"Bila kamba hakuna bendera, Ruth," akasema polepole. "Bila bendera hakuna kupiga. Tumemaliza."

Colin akavua viatu akamwaga maji. Wote walikuwa wamekuja kwa ajili ya ile bunduki, na Trevor alikuwa ameiongelea tangu Jumamosi asubuhi. Mimi nami nikaona risasi yangu moja inaondoka, na Mutua wangu anatoka tena na jembe lake. Nikasema hapana. Leo hapana.

"Graham, bendera lazima iwe wapi?"

"Juu, ionekane na kila mtu, na isishuke."

"Basi nipe."

Nikachukua ule mti mrefu wa kuegemeza mlango wa banda, nikaifunga bendera yao (kwa fundo jepesi safari hii), nikapanda juu ya meza ya mawe iliyo nyuma ya wapigaji, nikausimamisha. Patricia akasema nitaanguka. Nikamwambia nimebeba maji kichwani kabla mama yake hajamzaa. Graham akanitazama sana, akashuka mpaka handakini akachungulia kama naonekana, akarudi.

"Isishuke," akasema.

Haikushuka. Walianza mmoja mmoja, Trevor, Anita, Colin, na wengine wote, na mimi nimeukumbatia mti ule, upepo unataka kunipeleka Ireland, barafu inanipiga shavuni, mikono siisikii tena, nawaombea walenge upesi. Wakaisha. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani na Graham akatazama juu. Nikajua. Asiyepiga amebaki mmoja, naye ndiye mlingoti.

Nikasikia mtu anapanda mezani. Mwikali.

"Susu, leta."

"Sijachoka."

"Sijasema umechoka," akasema, na kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza. "Nimesema leta. Zamu yako."

Graham akatandika turubai. Magoti yalikataa kama Kalondu alivyosema, nikashuka kwa viwiko, nikalala kwa tumbo. Maji yakapita turubai, yakapita makoti, yakanifikia kitovuni. Nikashika pumzi kama nilivyofundishwa. Nikafyatua. Bunduki ikanipiga teke begani mpaka meno yakagongana.

Graham akakaa na darubini muda mrefu. "Umepiga mlima, Ruth," akasema.

Wakacheka wote, hata yeye. Akanyoosha mkono aniinue, nikamwambia aniache kidogo. Nikabaki pale kwa tumbo, mvuani, bega likiwaka, na nikaelewa kwa nini mtu anaweza kuulizwa habari hiyo na mtoto akachukua jembe akatoka.

Sasa mnajua yote. Kamba mpya nimeshawanunulia, na nimeapa mbele ya Kalondu kwamba sitaanika tena kitu chochote mahali popote kabla ya kumwuliza mwenyewe. Kuhusu kurudi Wales sikuapa. Mwikali ameniandikisha tena, na safari hii nitapiga karatasi.