Shemeji Zuberi Anakalia Frigo

Shemeji yangu Zuberi, mudogo wa marehemu bwana yangu, hana akili mingi, lakini kukaa anajua. Wakati wa vita alikuwa mulinzi wa dispanseri hapa Mikelenge, mutaa wetu wa Kindu. Askari wakaingia kutafuta bia. Zuberi akakalia sanduku la chanjo za watoto. Wakapekua kila kitu, yeye hakuinuka. Barafu ya ndani ikayeyuka, ikamulowesha suruali mpaka magoti. Kindu nzima ikasema amekojoa kwa woga. Hakubishana. Watoto walichanjwa.

Sasa anauzisha mayi ya baridi ya kunywa, ana frigo ya kutumia jua. Njo mule mujukuu wangu Arsène, wa laboratwari, aliweka kachupa ka antikori, maana frigo yao ilikufa. Antikori si dawa ya kuponyesha, ni ya kutafuta: kansere ya ini inatupa proteini ndani ya damu, antikori inaikamata, rangi inatokea. Arsène alikangojea mwaka muzima. Kakipata joto, kazi yake imekufa.

Jirani yetu Muzee Ferdinand akafariki. Kwetu matanga haiombi ruhusa: Zuberi akiwa musikitini, vijana wakapita nyumba kwa nyumba, wakabeba viti, masufuria, na frigo yake. Akawakimbilia, akaikalia pale uani, katikati ya wenye kulia.

— Muzee Zuberi, ondoka, bia inangoja kuingia!

— Haifunguliwi mpaka Arsène afike. Baridi itatoka.

— Unatunyima bia ya matanga kwa sababu ya kachupa?

— Mukunywe ya moto. Ferdinand hatalalamika.

Wawili wakamushika mikono. Hapo nikainuka.

— Shemeji, mupumbavu we, hata makalio yako hayaenei hapo. Sogea!

Nikakaa pembeni yake.

— Mwenye kutaka kufungua, aniinue mimi kwanza.

Hakuna aliyenigusa. Tangu nizaliwe, hakuna aliyethubutu kuniinua kwa nguvu.

Jua likatupika. Zuberi akacheka:

— Kumbe! Bwana yako alipokufa ulikataa nikurithi. Leo unanisogelea mbele ya watu?

— Nasogelea frigo, si wewe.

Arsène akafika jioni, akafungua: baridi ingali iko. Juma lililofuata akajaribu. Damu ya wagonjwa ikatoa rangi ya manjano, ya wazima ikabaki bila rangi. Alikuja kucheza kwa furaha mbele ya mulango wetu.

— Ndani ya kachupa mulikuwa na dawa kiasi gani? Zuberi akamuuliza.

— Matone machache tu, babu.

— Mama yangu! Kuku anakalia mayai, mimi nimekalia machozi!

Juzi amekufa muntu mwingine. Vijana wakaja, wakamukuta Zuberi juu ya frigo, anakula makemba, ndizi za kukaanga. Wakachukua viti tu.