Koili Nne na Mlio wa Babu

Mama hakunielewa aliponiona nakata mpini wa mswaki wangu na kuuchonga ncha.

"Sasa meno utasugulia nini, bisibisi?"

Nilimweleza kwamba bisibisi ya chuma ikikaribia koili ya redio, ule waya uliosokotwa, inaibadilisha, ukiiondoa tu unakuta kipimo kimehama. Kwa hiyo unatumia plastiki. Akatikisa kichwa akarudi jikoni.

Nilikuwa natengeneza redio ya kupokelea Morse, ile lugha ya nukta na mistari ambayo wapenzi wa redio bado wanaongea kwa kidole kimoja. Nilijifunza peke yangu, kwa video za kwenye simu, chumbani kwangu hapa Iyunga. Mtu mmoja tu niliyemjua anayetumia Morse alikuwa babu mmoja wa Kihesa, Iringa, mwenyeji wa Tanga aliyekuwa akiuza vitenge mjini hadi alipozeeka. Nilikuwa nimekwenda huko kumtembelea shangazi, nikaona waya mrefu umetoka kwenye paa la jirani hadi kwenye mkaratusi. Nikabisha hodi kuuliza ni wa nini. Alinipa kahawa, akanionyesha mtambo aliouunda mwenyewe ujanani. Tukakubaliana kwamba redio yangu ikiwa tayari atanitumia sentensi moja, nami nimpigie simu kumwambia amesema nini.

Ikiwa tayari. Ugonjwa wangu uko hapo. Redio ilianza kusikia mapema tu, na sikumwambia. Ndani yake kuna koili nne zinazochuja: zinaruhusu mlio unaoutaka na kuzuia mingine. Kila moja ina kiini cha kuzungusha, na mimi nilitaka zote nne zikae kwenye mlio uleule, bila kupishana hata kidogo. Nilizipima kwa kifaa kidogo cha kutoa mlio nilichokiunda. Asubuhi baridi ilikuwa imeshazisogeza, naanza upya. Babu akipiga simu, jibu langu lilikuwa moja.

"Bado haijakaa sawa, babu."

"Haya, binti. Mimi nipo."

Halafu wiki moja akanipigia kuniambia anahama. Miguu yake haiwezi tena baridi ya Iringa, mwanawe anamchukua Tanga, kwenye ghorofa isiyo na pa kufunga waya. Jumamosi mafundi wangekuja kuushusha.

"Kabla hawajaushusha nitakuita," alisema. "Hata kama haijakaa sawa."

Nilifanya kazi kama mgonjwa wa homa. Mwishowe mlio wa kile kifaa changu ulitoka msafi kama filimbi, hakuna hata mkwaruzo nyuma yake. Nikaviziba viini kwa nta ya mshumaa visisogee tena. Sikuwahi kumaliza kitu kikawa kamili namna ile, na nilikaa nikikisikiliza kwa furaha.

Jumamosi nilivaa spika za masikioni. Kimya. Simu ikaita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Shikamoo unaijua, Morse yangu huisikii? Nimeita mpaka kidole kinauma!"

"Kimya kabisa, babu."

"Mtambo wangu mzee kama mimi. Ukipata joto, mlio unateremka. Nifuate." Nyuma yake nilisikia ngazi ikiburutwa uani. "Mafundi wamefika. Nakata simu, usije ukasikia kidole changu kikigonga ukasema umepokea."

Nilizungusha kitafutio cha mawimbi polepole. Akatokea, herufi mbili, akapotea. Nikamfuata, nikampita, nikarudi, hayupo. Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimezipima koili kwa mlio wangu mwenyewe, usiotikisika, hapohapo mezani. Uwazi niliouachia mlio upite ulikuwa mwembamba mno kwa mtu ambaye mlio wake unatembea.

Dawa yake niliijua, nilishaisoma nikaidharau: koili moja unaisogeza juu kidogo, nyingine chini kidogo, uwazi unapanuka. Ila kelele nazo zinaingia. Niliitazama ile nta. Nakiri, niliwaza kumwomba babu awaambie mafundi warudi kesho. Kisha nikaikumbuka ile ngazi, nikaibandua nta kwa kucha nikachukua mpini wa mswaki na kuvizungusha viini.

Mashine ya kuchomelea ya gereji ya barabarani ikaingia masikioni, ikifuatwa na mvumo wa chaja ya jirani. Katikati yake, hafifu, ukiteremka, mlio wa babu ulikuwepo. Ukaendelea kuwepo. Alikuwa akirudia maneno yaleyale, nami nikaandika herufi kiganjani hadi zikakamilika.

Nikampigia.

"Umesema, chai imepoa."

Kisha nikamsikia akiwaambia mafundi, "Haya, pandeni." Mimi akaniambia, "Ngoja niinywe hivyohivyo."

Nta sijairudishia. Siku nyingine gereji inanikera, nauchukua ule mpini wa mswaki na kuusimamisha juu ya koili ili niubane tena ule uwazi. Tangu Jumamosi ile sijazungusha. Lakini mkono bado unaenda.