Nyayo za Wambui Nyuma ya Kiwanda

Nilipokuwa mtoto huko Thika, cucu, nyanya aliyetulea, alitukataza kabisa kukanyaga njia bila viatu. Kiatu, alisema, huacha alama ya kiatu. Mguu mtupu huacha wewe mwenyewe pale chini. Mwenye kijicho akichota udongo wa unyayo wako, mguu utavimba mpaka uoze.

Dada yangu Wambui alikuwa mkimbiaji. Mwalimu wake wa michezo alimshauri avue raba polepole: kwanza atembee tu nyasini, halafu akimbie kidogo, aongeze kadiri mguu unavyozoea. Lakini Wambui na subira hawakuwa wameonana. Hata wiki haikuisha, alikuwa anakata mbio peku kwenye murram, njia ya udongo mwekundu na changarawe, nyuma ya ukuta wa kiwanda. Nyayo zake zikabaki vumbini, vidole vyote wazi. Kisha mguu ukafura, akashindwa kuukanyagia.

"Si nilisema? Wamechota!" cucu akalia, na mlango ulikuwa wazi.

Ploti nzima, wapangaji wote wa ua wetu, ilisikia. Jioni hiyo Mama Nyokabi, jirani yetu muuza chapati, akaonekana njiani ameinama, anachota udongo kwenye karai. Alitaka kukandika jiko lake, kama alivyofanya kila lilipopasuka. Nani aliuliza? Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Wanaume waliokula chapati zake asubuhi ile ile walimburuta chini kwa leso yake. Mmoja alimshukia na mpini wa jembe, na nikausikia mkono ukivunjika kama kuni kavu. Mwingine alikuwa anaitisha petroli. Niliwachukia watu wazima wote siku ile. Wengine sijawasamehe hadi leo.

Wambui alitoka akirukaruka kwa mguu mmoja, akajitupa juu ya mama yule.

"Wacheni! Ni mimi! Coach alisema niende pole pole, mimi nikaharakisha! Hakuna mtu ameniroga!"

Teke lililokusudiwa Mama Nyokabi lilimpata yeye mbavuni. Hapo ndipo cucu alipopiga nduru.

"Ngai! Mungu wangu! Mtaniulia mtoto!"

Wakaacha. Hakuna aliyeomba msamaha. Hospitalini tuliambiwa mfupa wa mguu wa Wambui ulikuwa na ufa, wa kukimbia kupita kiasi. Mkono wa Mama Nyokabi uliungika ukiwa umepinda, na akahama kabla haujapona vizuri.

Siku hizi naishi Ruiru, nami nimeanza kukimbia peku. Wambui ananisimamia kwa simu: "Umeongeza tena? Rudi nyasi, wewe!" Ninarudi.

Cucu hakudanganya, unyayo waweza kumwangamiza mtu. Alikosea tu ni mtu yupi. Nikimaliza kukimbia navunja tawi, nazifuta nyayo zangu njia nzima. Simwogopi mchawi. Kuna mama hupita pale na karai lake kuchota udongo, na majirani zangu nawajua.